Vifaa vya zamani na vipya kwenye Wi-Fi moja ya nyumbani: dalili, chanzo na tiba

Malalamiko huja kwa sura mbili. Ya kwanza: "Nimeweka ruta mpya, simu zinaruka, ila printa haioni mtandao tena." Ya pili: "Nimeleta laptopu mpya kabisa, na bado video inazunguka tu." Mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika. Vifaa vya miaka tofauti vimekutana kwenye mtandao mmoja, na kila kimoja kinajua taratibu za mwaka kilipotengenezwa.

Kosa linalorudiwa sana, na ambalo nami nimelifanya, ni kuushusha mtandao mzima hadi usawa wa kifaa kikongwe kuliko vyote. Printa ikigoma, mtu anaingia kwenye mipangilio ya ruta, analegeza ulinzi, anazima hiki na kile, mpaka printa ikubali. Inakubali kweli, lakini gharama inabebwa na nyumba nzima. Hapa tunafuata njia nyingine: kifaa cha zamani kitengewe kona yake, na vipya viachwe vikimbie.

Kabla ya yote, jua umri wa kila kifaa

Geuza kifaa, tafuta kibandiko cha chini au cha nyuma, kipige picha kwa simu kisha uikuze, maana herufi zake ni ndogo mno. Unatafuta namba 802.11, yaani jina la kiufundi la Wi-Fi, na herufi zinazoifuata.

Herufi b ni ya 1999, mwisho wa kasi yake Mbps 11 (megabiti kwa sekunde). Herufi g ni ya 2003, mwisho wake Mbps 54. Zote mbili hutumia masafa, au bendi, ya GHz 2.4 peke yake. Herufi n ni ya 2009, siku hizi inaitwa Wi-Fi 4. Inaweza kutumia GHz 2.4 na GHz 5, lakini vifaa vingi vya n vilitengenezwa na 2.4 tu. Herufi ac, yaani Wi-Fi 5, ni ya 2013 na hufanya kazi kwenye GHz 5 pekee. Herufi ax ni Wi-Fi 6, inayotumia bendi zote mbili, na toleo lake la 6E likaongeza GHz 6. Wi-Fi 7 ilianza kupewa vyeti Januari 2024.

Ukisoma "b/g/n" bila a (herufi nyingine ya GHz 5) wala ac, chukulia kwamba kifaa hicho hakijui lolote kuhusu GHz 5. Jambo hilo moja linaeleza karibu nusu ya matatizo yaliyo hapa chini.

Upande wa ulinzi, yaani kanuni za kuufunga mtandao kwa nenosiri, WEP ndiyo kongwe, ikafuata WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Tangu Machi 2006, kifaa chochote kinachotaka cheti cha Wi-Fi Alliance, muungano unaothibitisha vifaa vya Wi-Fi, lazima kiwe na WPA2. Kwa hiyo kifaa kilichotoka baada ya hapo hakina sababu ya kudai ulinzi wa chini zaidi.

Dalili: kifaa cha zamani hakioni jina la mtandao kabisa

Anza na kilicho karibu na mkono. Laptopu nyingi za zamani zina kitufe kidogo cha kuteleza pembeni, au kitufe cha kibodi chenye mchoro wa mnara, kinachozima Wi-Fi. Kinaguswa kwa bahati mbaya mtu akiibeba laptopu, na hakuna anayekikumbuka.

Kama Wi-Fi imewashwa na majirani wanaonekana lakini wewe huonekani, chanzo cha kwanza ni bendi. Ruta inatoa jina lako kwenye GHz 5 tu, au 2.4 ilizimwa na mtu aliyetafuta kasi. Iwashe tena.

Chanzo cha pili ni chaneli, yaani njia ndogo ndani ya bendi. Kwenye GHz 2.4, vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani havioni chaneli ya 12 wala ya 13. Ruta ikijichagulia 13 kwa kuwa imeiona tupu, kifaa hicho kitabaki gizani huku simu iliyo kando yake ikiona kila kitu. Chagua 1, 6 au 11 kwa mkono. Kwenye GHz 5 kuna jambo linalofanana na hilo: chaneli za 52 hadi 144 hutumiwa kwa pamoja na rada, na vifaa kadhaa vya zamani havizigusi. Ihamishie ruta kati ya 36 na 48.

Chanzo cha tatu kinawashangaza wengi. Laptopu ina Wi-Fi 5 nzuri tu, ila draiva yake, yaani programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi, ni ya miaka iliyopita. Ikikutana na ruta ya Wi-Fi 6, jina halitokei kwenye orodha. Hili limetokea kwa kadi kadhaa za Intel, na dawa yake ni kusasisha draiva. Ili kuthibitisha kabla ya kuhangaika, zima kwa muda hali ya ax kwenye bendi moja ya ruta. Jina likijitokeza papo hapo, umempata mchawi: sasisha draiva, kisha uirudishe ax.

Mwisho kabisa, kama jina la mtandao limefichwa, lifichue. Kulificha hakumzuii mwizi, na vifaa vya zamani hupata tabu kulitafuta.

Dalili: jina kinaliona, nenosiri ni sahihi, lakini kinakataa

Usiamini kwamba nenosiri ni sahihi mpaka ulijaribu kwenye simu: iamuru simu iusahau mtandao kwanza, kisha uliandike upya. Printa za zamani zina kioo cha mistari miwili ambacho kila herufi inatafutwa kwa mshale, moja baada ya nyingine, na ndani yake o na 0 zinafanana kama mapacha. Nafasi, alama za lafudhi na vikaragosi kwenye jina au nenosiri ni balaa kwa vifaa hivi. Herufi za kawaida na tarakimu zinatosha, urefu ukiwa kati ya 8 na 63.

Nenosiri likiwa halina shaka, sababu inayofuata ni WPA3. Ruta mpya inaweza kuja ikiwa imewekwa WPA3 pekee, na kifaa cha 2015 hakiielewi. Weka hali ya mchanganyiko, WPA2 pamoja na WPA3. Vifaa vingi vitaingia hapo. Vichache bado vitagoma, kwa sababu hali ya mchanganyiko hutangaza pia ulinzi wa ishara za usimamizi, PMF, na kuna vifaa vinavyochanganyikiwa kwa kuuona tu.

Hapo ndipo kona tofauti inapohitajika. Ruta nyingi zinaruhusu jina la pili kwenye GHz 2.4. Lifungue, lipe WPA2 yenye AES (mbinu ya kisasa ya kuficha data), upana wa chaneli MHz 20, PMF izimwe, na nenosiri lake la pekee. Vifaa vikongwe viingie humo. Jina kuu libaki na ulinzi wake kamili.

Ninasisitiza hili kwa sababu niliwahi kufanya kinyume. Nilikuwa na printa iliyokataa katakata kuunganishwa, nikajaribu kila kitu, mwishowe nikaiweka ruta nzima kwenye WPA yenye TKIP, mbinu ya zamani iliyotangulia AES. Printa ikatoa karatasi nikafurahi. Baada ya siku mbili nyumbani wakaanza kulalamika kuwa mtandao umekuwa wa konokono, nami sikuhusisha kabisa mambo hayo mawili. Nikamlaumu mtoa huduma. Kumbe kanuni za 802.11n zinakataza kasi zake za juu kutumika na TKIP au WEP. Ukichagua TKIP peke yake, simu mpya kuliko zote inarudishwa Mbps 54, sawa na kifaa cha 2003. Nilipoirudisha AES, kila kitu kikarudi mahali pake dakika hiyo hiyo. Printa nayo, baada ya kusasishwa programu yake kwa kebo ya USB, ikaikubali WPA2 bila ubishi.

Simama hapa kama kifaa kinajua WEP tu. Ulinzi huo ulivunjwa mwaka 2001 na leo unavunjwa kwa dakika chache. Usiiwashe WEP hata kwenye jina la pembeni. Kiunganishe kwa kebo kama kina tundu la mtandao. Kama hakina, muda wake kwenye Wi-Fi umekwisha.

Dalili: taa, soketi janja au kamera inagoma wakati wa kusajiliwa

Kifaa kinaweza kuwa kimetengenezwa mwaka huu, lakini chipu yake ya Wi-Fi ni ya 2.4 tu. Kwa maana hiyo kihesabu kuwa cha zamani.

Sababu kuu: simu iko GHz 5 wakati wa usajili, na programu inakipa kifaa taarifa za bendi kisichoiona. Njia rahisi isiyohitaji kugusa ruta ni kusogea mbali. Mawimbi ya GHz 5 hufifia mapema yakikutana na kuta, kwa hiyo ukienda na simu na kifaa vyumba viwili au vitatu mbali na ruta, simu huteremka yenyewe hadi 2.4. Isipofaulu, zima GHz 5 kwa dakika kumi, sajili, kisha uiwashe.

Sababu ya pili ni simu yenyewe kujifanya mjanja. Kifaa kipya hutoa mtandao wake mdogo usio na intaneti. Simu ikigundua hilo inahamia data bila kukuambia. Zima data na VPN wakati wa usajili, na uiruhusu programu kutumia mahali ulipo, vinginevyo haitaona mitandao iliyo karibu.

Dalili: mtandao mzima umekuwa mzito tangu kifaa fulani kiingie

Hapa kuna imani moja inayohitaji kurekebishwa. Watu husema kifaa kimoja cha zamani kinaishusha nyumba nzima hadi kasi yake. Si hivyo. Ruta huongea na kila kifaa kwa kasi ya kifaa hicho. Kinachogawanywa ni muda wa hewani, kwa kuwa kwenye chaneli moja anayezungumza kwa wakati mmoja huwa ni mmoja.

Chukua kifurushi cha baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwa kasi ya Mbps 54, kinapita chini ya robo ya milisekunde. Kifaa kilicho mbali, kinachosuasua kwa Mbps 1, kinahitaji milisekunde 12 kwa kifurushi kile kile, na wakati wote huo wengine wamenyamaza wakisubiri. Kikiwa kimelala hakimuumizi mtu. Kikiwa ni kamera inayotuma video mchana kutwa kutoka getini, kinawabana wote walio kwenye bendi hiyo.

Ndiyo maana cha kwanza kukagua ni umbali. Kifaa cha zamani kilicho karibu na ruta kinaweza kutumia muda mdogo kuliko kipya kilicho nyuma ya kuta tatu. Isogeze kamera au ruta, pima tena. Kipimo chenyewe ni rahisi: zima kifaa unachokishuku, pima kasi kwenye simu mahali pale pale, kiwashe, pima tena. Rudia mara tatu, kwa kuwa kipimo kimoja hudanganya.

Cha pili, hakikisha vifaa vipya havijabaki 2.4 pamoja na vizee. Laptopu inayoweza GHz 5 ikiwa imekaa sebuleni na ruta kwenye 2.4, inabanwa bure. Jina moja kwa bendi zote ni zuri pale ruta inapojua kuvigawa vifaa. Isipojua, yatenganishe majina na uvihamishe mwenyewe. Kilicho GHz 5 hakisubiri zamu ya kilicho 2.4.

Cha tatu ni upana wa chaneli. Mtu anaona MHz 40 kwenye 2.4 na kudhani ni kasi ya bure. Bendi hiyo ina nafasi ya chaneli tatu tu zisizogusana, 1, 6 na 11, na MHz 40 inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Majirani wakiwapo, mnagongana. Iache 20.

Kisha kuna 802.11b. Kifaa cha b kikiwapo, hata kama hakitumi kitu, wenzake hulazimika kutanguliza ishara za tahadhari kwa kasi ambayo kitaielewa, na muda unaliwa. Kama huna kifaa cha b, na leo wengi hawana, zima hali ya b kwenye ruta na uondoe kasi za chini. Huu ndio mpangilio wa "kale" ninaouzima bila kusita.

Kabla ya kulaumu kifaa, angalia pia tanuri la maikrowevu na diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa kando ya antena ya laptopu. Vyote viwili hutoa kelele kwenye GHz 2.4.

Dalili: simu inaandika "Imeunganishwa", lakini kurasa hazifunguki

Kwanza angalia tarehe. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ya zamani ikifa, saa hurudi nyuma miaka, na tovuti zote salama hukataliwa kwa kuwa vyeti vyake, yaani vitambulisho vya kidijitali vyenye tarehe, vinaonekana bado havijaanza. Sahihisha tarehe, jaribu tena.

Pili, ni kurasa zote au baadhi? Kama ni baadhi, huenda Wi-Fi haina kosa lolote. Cheti cha mzizi, yaani cheti mama, kilichotegemewa na tovuti nyingi zenye vyeti vya bure vya Let's Encrypt kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na vifaa visivyopata masasisho vilianza kukataa tovuti ambazo ni salama kabisa. Sasisha mfumo, au weka kivinjari kinachobeba vyeti vyake chenyewe, kama Firefox. Ukiweza kufungua ukurasa wa ruta lakini si benki yako, usibonyeze "endelea hata hivyo". Tumia kifaa kingine.

Tatu, tazama anwani ya IP, yaani namba ambayo ruta hukipa kifaa. Ikianza na 169.254, kifaa hakikupewa anwani. Zima na kuwasha ruta, kisha kifaa. Ikiendelea, huenda mtu aliweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Simu za sasa hutumia anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, kwa hiyo orodha iliyofanya kazi miaka kumi sasa inawafungia nje wenyeji.

Dalili: printa iko mtandaoni, simu iko mtandaoni, hazionani

Karibu kila mara printa imewekwa kwenye mtandao wa wageni, na mtandao huo umejengwa kuzuia vifaa visionane. Ile kona ya vifaa vya zamani niliyoitaja isiwe ya wageni kama ndani yake kuna printa. Iwe jina la pili la mtandao mkuu. Kama ruta yako inatoa wageni tu, tafuta kwenye mipangilio yake ruhusa ya kufikia mtandao wa ndani. Taa na kamera, ambazo hazihitaji kuonana na laptopu yako, ni vyema zibaki kwa wageni.

Kama zote ziko mtandao mmoja, printa imebadilishiwa anwani baada ya ruta kuwashwa upya, na kompyuta bado inagonga mlango wa zamani. Itengee printa anwani ya kudumu kwenye ruta.

Dalili: ruta ya zamani imeongezwa chumba cha pili na mtandao umevurugika

Ruta mbili zinagawa anwani kwa wakati mmoja, na mara nyingi zote zinajiita 192.168.1.1. Iunganishe ya zamani peke yake na kompyuta, ipe anwani nyingine kama 192.168.1.2 baada ya kuhakikisha haina mwenyewe, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha kebo itoke tundu la LAN la ruta kuu na kuingia tundu la LAN la hii. Tundu la WAN, lile la kupokea intaneti, liachwe tupu.

Kama kasi inagota karibu na Mbps 95, matundu yake ni ya Mbps 100 na hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Angalia na kebo: iliyounganishwa nyaya nne badala ya nane hugota hapo hapo.

Dalili: inakatika na kurudi

Ikiwa ni kifaa kimoja tu, zima usaidizi wa kuhama haraka wa 802.11r kwenye jina linalotumiwa na vizee, kisha, kwenye laptopu, zuia Windows isiizime kadi ya Wi-Fi kwa kubana matumizi ya umeme. Ikiwa GHz 5 nzima inatoweka kisha inarudi baada ya dakika moja au zaidi, ruta imesikia rada na kuhama chaneli. Rudi kwenye 36 hadi 48.

Ikiwa taa zote za ruta huzima na kuwaka, ni umeme. Adapta huchoka kabla ya ruta. Nyingine ifanane kwa volti na polariti, na ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye ya awali.

Mahali pa kuacha na kumwita fundi

Adapta inayonuka kuungua au iliyovimba ichomolewe ukutani na isirudishwe. Usiifungue, kwa sababu ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomolewa. Laptopu au simu ya zamani yenye betri iliyotuna isichajiwe tena, wala isibonyezwe ili ifunge.

Taa nyekundu ya LOS kwenye kifaa cha faiba ina maana mwanga haufiki. Kagua kwa macho tu kama kebo imekunjwa au imebanwa na mlango, kisha mpigie mtoa huduma. Usichomoe kebo ya faiba na kuichungulia. Mwanga wake hauonekani na unaweza kuumiza jicho.

Antena au kebo iliyo juu ya paa au kwenye nguzo ni ya fundi mwenye vifaa vya kupandia. Na kama kompyuta iliyounganishwa kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta nayo inasuasua, huku Wi-Fi yote imezimwa, acha kugusa mipangilio: tatizo liko kwenye laini inayoingia nyumbani, au ni ruta yenyewe. Andika saa ulizopima na kasi ulizopata, umsomee mtoa huduma.